Otomatiki si moja: tuangalie kisanduku cha vitesi kabla ya kutoa makuta ya koperative

Tangu mahindi yaanze kutoka mashambani mwezi wa tano, ofisi yetu ya Karavia imepokea swali lilelile kutoka koperative tatu: moja iko njia ya Kipushi, moja njia ya Kasenga, moja upande wa Likasi. Safari hii hawakuuliza mbegu wala viwavi. Waliuliza mutoka. Kese yao imefika mahali pa kununua pikapu ya mazuti, ya okazio, na karibu zote wanazoonyeshwa ni otomatiki. Wachukue ao waache?

Sisi ni watu wa agronomia. Kwenye institi tulifundishwa udongo, mbegu na magonjwa ya mimea. Mambo ya vitesi tulijifunza kwa kukwama njiani. Lakini angre isiyofika shambani mwezi wa kumi na moja, wakati mvua inaanza, haina faida hata kama dozi yake tumeihesabu vizuri. Na makuta ya kununua mutoka yametoka kwa mwanachama mmoja mmoja, gunia kwa gunia. Ndiyo maana tunaandika jambo hili kwa wanachama wote, si kwa shofere peke yake.

Mwezi uliopita tulimsindikiza mama prezida wa moja ya koperative hizo kwenye parking ya mitoka pale mjini. Kulikuwa Hilux mbili za milango mine, sura moja, rangi tu tofauti: moja nyeupe, moja ya kijivu. Zote mazuti, motere ya 3.0, volan upande wa kuume. Zilitoka Thailand, zikashuka Dar es Salaam, zikapita Tunduma na Zambia mpaka Kasumbalesa. Bei zilikaribiana sana. Mama akauliza tofauti yake ni nini.

— Mama, otomatiki ni otomatiki, muuzaji akajibu. Unatia ku D, unakanyaga, inaenda.

— Na siku ikikataa kuenda?

Muuzaji alicheka. Sisi tukaomba afungue kapo.

Plaki inasema kweli

Ndani ya kapo ya Toyota, kwenye ukuta wa bati ulio nyuma ya motere, ao kwenye nguzo ya mlango, kuna plaki ndogo ya chuma. Watu wengi huitafuta kwa ajili ya namba ya shasi tu, kisha wanafunga. Shukeni chini kidogo, mpaka mstari ulioandikwa TRANS/AXLE. Kwenye ile nyeupe tulisoma A340F. Kwenye ile ya kijivu, A750F.

Maandishi hayo si fumbo. Herufi A mwanzoni maana yake otomatiki. Tarakimu ya pili ndiyo hesabu ya vitesi: katika A340F ni 4, katika A750F ni 5. F mwishoni inaonyesha kwamba kisanduku kimetengenezwa kwa mutoka wa 4x4. Mukikuta R151F ao H151F, hiyo si otomatiki, ni ya mkono yenye ambreaji. Hilux ya sura iliyoanza mwaka wa 2015, yenye motere ya 2.4 ao 2.8, ikiwa otomatiki inaandikwa AC60F: hapo C imekaa mahali pa tarakimu ya kwanza, na 6 inabaki kuwa hesabu ya vitesi. Kwa hiyo mitoka miwili yenye sura moja na bei moja ilikuwa na visanduku viwili vya vizazi tofauti. Muuzaji hakudanganya, nafikiri hakujua.

Kwa marke zingine plaki haisemi wazi hivyo, basi angalieni mkono wa vitesi. Ukiona P, R, N, D, kisha 2 na L, na kifungo kidogo ubavuni kilichoandikwa O/D, mara nyingi ni otomatiki ya zamani ya vitesi 4. Kifungo kile kinafungua na kufunga kitesi cha nne. Ukiona D yenye njia ya pembeni ya + na −, ni ya karibuni zaidi, yenye vitesi 5 ao kuendelea. Ford Ranger ya sura ya 2011 ina otomatiki ya vitesi 6. Zile za 2.0 zenye turbo mbili, zilizokuja mwaka wa 2018 na 2019, zina vitesi 10. Volkswagen Amarok ilipata ya vitesi 8 mwaka wa 2012. Nissan Navara nyingi za kizazi cha D40 zina 5, ile iliyoifuata ina 7. Land Cruiser 79, ile tunayoizoea kwa ma-ONG na kwa migodi, karibu zote zilizoko hapa ni za mkono. Lakini mwaka wa 2023 Toyota ilianza kuitoa na motere ya 2.8 na otomatiki ya vitesi 6, basi baada ya miaka michache zitafika kwenye okazio nazo.

Nini iko ndani

Pikapu hizo zote, iwe na vitesi 4 ao 10, zina kitu kimoja kati ya motere na vitesi: konvertisere. Fikirini feni mbili zinazotazamana ndani ya chungu kilichojaa wili. Motere inazungusha feni ya kwanza, wili inarushwa, inasukuma feni ya pili, na hii ya pili inavuta mutoka. Hakuna chuma kinachoshika chuma. Ndiyo maana ukisimama kwenye feu rouge na D, motere haizimi. Na wakati wa kuondoka, konvertisere inaongeza nguvu ya motere karibu mara mbili, jambo zuri sana ukiwa na mzigo kwenye tope.

Lakini kila zuri lina bei. Wili inayorushwa bila kuvuta sawasawa inageuka moto. Kwa sababu hiyo wamewekea konvertisere ambreaji ndogo ndani yake, inayofunga feni mbili pamoja mutoka ukishika mwendo. Visanduku vya zamani vya vitesi 4 vinafunga kwenye mwendo wa barabara nzuri tu. Vya karibuni vinafunga mapema, vitesi vikiwa vingi motere inabaki kwenye mzunguko wake mzuri, na mazuti inapungua. Kwenye RN1, kutoka hapa mpaka Likasi, tofauti hiyo inaonekana. Kwenye njia ya shamba, mwendo wa kilomita 15 kwa saa na mzigo juu, zote mbili zinafanya kazi bila kufunga, na zote mbili zinapata moto.

Kuna aina mbili zingine ambazo wauzaji nazo wanaziita «otomatiki». Ya kwanza ni ya mkanda wa chuma, bila vitesi vyenye meno. Iko kwenye mitoka midogo ya esanse kama Vitz nyingi. Kwenye pikapu ya mazuti hamutaikuta, na mzigo wa mahindi si kazi yake. Ya pili inahusu zaidi wale wanaofikiria kamio ndogo. Isuzu Elf nyingi kutoka Japani zina mfumo unaoitwa Smoother: ni kisanduku cha kawaida chenye meno, ila mashine ndiyo inakanyaga ambreaji na kubadilisha vitesi mahali pa shofere. Mitsubishi Fuso Canter ya kuanzia 2010 inaweza kuwa na Duonic, yenye ambreaji mbili zinazopokezana. Pedali ni mbili tu, basi mtu anaona ni otomatiki kama zingine. Sivyo. Zinategemea kompyuta na pompe zake, na fundi asiye na skana ya marke hiyo hatafika popote. Tumeona Canter moja ikikaa garaji kampanye nzima ya kilimo, motere yake mzima kabisa, kwa kukosa mtu wa kuisomea kompyuta.

Wili kwanza

Kama muna dakika tano tu na mutoka wa okazio, tumieni dakika hizo kwa wili ya kisanduku. Visanduku vingi vya zamani, kama A340F, vina joji yake, mbali na joji ya motere. Pasheni mutoka moto, ukiwa umesimama mahali pa sawa, P, motere inazunguka. Vuteni joji, mupanguse, mrudishe, muvute tena, kisha mudondoshe tone moja kwenye karatasi nyeupe. Wili nzima ni nyekundu na inapenya. Ikiwa kahawia na inanuka kama kitu kilichoungua, ambreaji za ndani zimekwisha kula moto. Ikiwa ya pinki na nzito kama maziwa yaliyochanganywa na Fanta, simameni hapo hapo: maji ya radiatere yameingia. Kwenye pikapu nyingi mabomba ya kupoza wili yanapita ndani ya radiatere yenyewe. Likitoboka pale, maji na wili vinachanganyika, na kisanduku hakitafika mbali. Basi fungueni na kofia ya radiatere pia, lakini motere ikiwa baridi, musiungue.

Visanduku vingi vya karibuni havina joji. Wili inapimwa kutoka chini, kwa kufungua kizibo wakati wili ina joto lililoandikwa kwenye kitabu cha mutoka. Muuzaji akisema «hii haihitaji kubadilishwa wili maisha yote», mujue maisha hayo yalihesabiwa kwa barabara za lami. Kwa mutoka unaobeba mzigo kwenye vumbi la mwezi wa tisa na tope la mwezi wa pili, sisi tunashauri kubadilisha kila kilomita 40,000 hadi 60,000. Na mujue kwamba ukifungua kizibo cha karteri inatoka theluthi hivi ao nusu ya wili; inayobaki imelala ndani ya konvertisere. Afadhali kurudia mara mbili, tatu, na siku kadhaa kati yake.

Jambo ambalo limeua visanduku vingi hapa kwetu ni wili isiyo yake. Nyekundu zote si ndugu. Toyota za zamani zilitumia Dexron ao Type T-IV, za karibuni zinatumia WS, ambayo ni nyepesi zaidi. Ranger ya vitesi 6 inataka Mercon LV, ile ya vitesi 10 inataka Mercon ULV. Andikeni jina la wili kwa rangi ndani ya kapo. Shofere atabadilika, maandishi yatabaki.

Kisha jaribuni kwa saa. Freni ikiwa imekanyagwa, motere inazunguka polepole, toeni N muingize D. Mutoka ushike kabla ya sekunde moja na robo kupita. Toeni N muingize R: isizidi sekunde moja na nusu. Ikichelewa, ao ikishika kwa kishindo, ndani kuna uchovu. Baadaye mutoke barabarani, mushike kilomita 80 kwa saa, na mukanyage aksileratere kidogo tu: sindano ya mizunguko isiruke peke yake kama vile mutoka umesahau kuvuta. Na kabla ya kuwasha motere, geuzeni ufunguo muangalie taa kwenye tablo. Taa ya A/T OIL TEMP inapaswa kuwaka kisha kuzima. Isipowaka kabisa, huenda mtu amefungua tablo akaing'oa, na mutu haing'oi taa bure.

Ile nyeupe, A340F, ilichelewa kushika R. Wili yake ilikuwa kahawia. Muuzaji alisema itakaa sawa ikipata moto. Ilipata moto, ikachelewa zaidi.

Iliyovutwa kwa kamba

Tungependa kusimulia mambo ya koperative moja ya njia ya Kasenga, kwa ruhusa yao, bila kutaja jina. Walinunua pikapu otomatiki ya vitesi 5, nzuri, wili safi. Mwezi wa tatu ilibeba mbegu na angre, magunia 20 ya kilo 50, ambayo ni tani moja kamili, kadiri pikapu hii inavyotakiwa kubeba. Waliongeza watu sita juu. Njia ya tope ikawashika. Shofere, ambaye miaka yake yote aliendesha ya mkono, akafanya alivyozoea: R, D, R, D, gesi chini, apate kujiokoa. Dakika ishirini hivi. Taa ya joto ikawaka. Akafikiri ni ya radiatere, akaongeza maji.

Kufika hapo kisanduku kilikuwa hai bado. Kungojea nusu saa motere ikizunguka kwa N, kupunguza mzigo, kutia L4, ile 4x4 ya polepole, na kutoka kwa utaratibu ndani ya L, pengine wangefika. Kwenye L4 motere haihitaji kupigana na konvertisere, na wili inapoa. Lakini batri nayo ilikwisha walipozima na kuwasha mara nyingi. Vijana wakashuka kusukuma. Walisukuma sana. Otomatiki haiwaki kwa kusukumwa, kwa sababu pompe ya wili inazungushwa na motere yenyewe. Motere ikilala, kisanduku hakina nguvu ya kushika chochote.

Kesho yake kamio moja ikawavuta kwa kamba, magurudumu yote chini, N, zaidi ya kilomita 60. Hapo ndipo kilikufa. Magurudumu yanazungusha vyuma vya ndani, pompe imelala, hakuna wili inayofika, chuma kinakula chuma. Kama mkono wa 4x4 una alama yake ya N, ndio uwekwe N kwanza, ili mzunguko wa magurudumu usifike kwenye kisanduku. Kama hauna, ao ni kifungo tu, mutoka ubebwe juu ya kamio. Ni ghali, lakini haifiki bei ya kisanduku.

Walisubiri kisanduku kingine cha okazio mpaka mwezi wa sita. Mahindi yao yalitoka shambani kwa mutoka wa kukodi, na bei ya kukodi ikala faida ambayo wanachama walingojea kwa karo za watoto.

Kwa hiyo, otomatiki ao ya mkono? Sisi tunasema wazi: kwa koperative ambayo mutoka wake unaishi mbali na mji, yenye mashofere wawili, watatu wanaopokezana, ya mkono bado ni rahisi zaidi. Ambreaji ikikwisha, fundi wa kijijini anaibadilisha chini ya muembe. Motere inawaka kwa kusukumwa. Lakini hatukubaliani na wale wanaosema otomatiki ni mutoka wa mabosi wa mjini. Ambreaji nazo zinaungua kwenye tope, tumezihesabu. Mwanamama aliyejifunza kuendesha mwaka jana anaiendesha otomatiki yenye mzigo bila hofu, na hilo si jambo dogo kwa koperative ambamo wanaume ndio walikuwa wanashika ufunguo peke yao. Ikiwa njia yenu ni lami kwa sehemu kubwa, kama Likasi ao Kasumbalesa, na kuna garaji yenye skana karibu, otomatiki ya vitesi 5 ao 6 yenye konvertisere ni chaguo zuri. Ya vitesi 4 yenye wili safi nayo inafaa, mradi bei iwe ya vitesi 4. Zenye vitesi 8 na 10 ni nzuri barabarani, ila ulizeni kwanza nani hapa Lubumbashi amekwisha kuifungua moja na kuifunga tena.

Kuna neno moja kwa mashofere: kwenye mteremko musitie N kwa kusema munapunguza mazuti. Ukitoa mguu kwenye gesi mutoka ukiwa ndani ya kitesi, motere ya mazuti ya siku hizi haipewi mazuti kabisa. Ukitia N inaendelea kunywa, na freni zinabaki peke yake na tani moja mgongoni. Shusheni mkono mpaka 2 ao L.

Mama prezida hakununua siku ile. Ile ya kijivu ilipita majaribio yote, wili yake nyekundu, R ikashika mara moja, lakini alitaka fundi wa koperative aione chini, na fundi alikuwa Kipushi. Alirudi naye siku ya pili. Fundi alilala chini ya mutoka karibu nusu saa, akakuta konfu ya radiatere mpya na mabomba ya wili yamebadilishwa, akauliza ni kwa nini. Muuzaji hakuwa na jibu. Wakapunguziwa bei, na sharti likaandikwa kwenye karatasi: radiatere ibadilishwe kabla ya mutoka kutoka parking. Ilibadilishwa, nao walisimama pale wakiangalia.

Koperative ambazo ziko karibu kununua, pigeni picha ya plaki yote, mstari wa TRANS/AXLE usomeke, na picha ya tone la wili kwenye karatasi nyeupe. Mpeni animatere wenu, ataleta hapa Karavia. Tutajibu kabla ya siku ya malipo.